Majani Yaliyonyimwa Jua

Mimi sina subira, na hilo silifichi. Wanafunzi wananiita Mama Iodini, na si kwa sababu nagawa iodini tu. Wanasema nikikugusa nakuacha na doa. Miaka kumi na minane nimekuwa mtunza maabara wa shule ile. Nimeona walimu wa sayansi wakija na kuondoka, na jaribio la mtihani halijawahi kuharibikia mikononi mwangu. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nasimulia habari za uzembe.

Jumapili ile nilibeba makopo kumi na mawili ya mimea nikayapeleka nyumbani kwangu, nyuma ya shule, mwendo wa dakika kumi. Stoo ya maabara, ambayo siku zote nimeitegemea kwa giza lake, ilikuwa imejazwa madawati mabovu, na mafundi seremala wakawa wanaingia na kutoka mlango wazi mchana kutwa. Nyumbani nina kabati la nguo la mbao, pana, niliachiwa na shangazi yangu. Nikatoa nguo zote nikazirundika kitandani, nikayapanga makopo mle ndani, nikaziba nyufa kwa shuka nyeusi. Kisha nikawatangazia wawili ninaoishi nao, mama yangu mzazi na binti yangu, kwamba atakayelifungua kabati lile kabla ya Alhamisi atanitambua.

Binti yangu hakuwa na haja ya kuambiwa. Mtihani wenyewe ulikuwa wake. Mwaka uliopita alifanya vitendo vya biolojia katika shule nyingine, mikono ikamtetemeka akamwaga nusu ya dawa mezani, akaanguka. Chuo cha uuguzi kilimwekea nafasi, kwa sharti moja tu: alete alama ya biolojia mwaka huu. Kanuni zinaruhusu kurudia mara moja. Kwa hiyo Alhamisi ilikuwa mara ya pili na ya mwisho, na ingefanyika katika maabara yangu, kwa majani yangu. Wiki nzima roho yangu ilikuwa juu. Nilikuwa nikikaa nasimama, nikisimama nasahau nilichosimamia.

Kila jioni tulikaa jikoni nikamwuliza maswali huku bibi yake akichambua mchele pembeni. Nilimtaka ajibu bila kufikiri, kama mtu anayetaja jina lake. Mmea unajitengenezea chakula chake kwa kutumia nini? Kwa hewa unayoivuta kupitia majani, maji yanayopanda kutoka mizizini, na mwanga wa jua. Chakula hicho ni nini? Sukari, na ile inayozidi hugeuzwa wanga ikawekwa akiba humo humo jani lilipo. Ukiunyima mwanga? Hauna la kufanya ila kula akiba, na siku mbili tatu zikipita ghala linabaki tupu. Sasa ukilichukua jani la gizani, jani A, ukalichemsha, ukalitoa ukijani kwa spiriti, ukalidondoshea iodini?

"Linabaki kahawia," binti yangu anajibu.

Na jani B, lililoshinda juani? Bluu-nyeusi. Basi. Nilimrudisha hapo mara ishirini, mara thelathini, mpaka siku moja akanijibu hata usingizini, nami nikacheka peke yangu kizani. Mama aliwahi kuuliza, mara moja tu, kama ina maana majani yale yaliyomo kabatini yamelala na njaa. Nikamjibu kwa mkato kwamba ndiyo, ndiyo kazi yenyewe, na tusichanganyane. Akarudi kwenye mchele wake.

Jumanne jioni nilichuma jani moja nikalijaribu kwenye jiko la nyumbani. Kahawia safi. Karatasi ya maelekezo inasema jaribio hilo lifanywe asubuhi ya mtihani, lakini asubuhi ya mtihani mimi nina bika ishirini za kupanga, visahani vya kuosha, vichupa vya kujaza na majiko ya kukagua, kwa sababu mtoto akisogeza spiriti karibu na moto hatuna mtihani tena, tuna msiba. Nikajiambia kahawia ya Jumanne itakuwa kahawia ya Alhamisi. Nilipoyatoa makopo kabatini alfajiri ya Alhamisi niligusa udongo nikaukuta na unyevu. Nikasema vizuri, maji niliyotia bado yapo. Nikayapakia kwenye mkokoteni mbio mbio.

Mtihani ulianza saa tatu. Watahiniwa walikuwa ishirini. Msimamizi aliyeletwa kutoka nje, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba, alijua mtoto wangu yumo, kwa hiyo alinisomea kanuni mbele ya kila mtu: mtunza maabara haongei na mtahiniwa yeyote, kwa mdomo wala kwa ishara, mpaka bahasha ya majibu ifungwe. Akaniuliza kama nimeelewa. Nilimjibu kwamba mimi nilianza kazi hii yeye akiwa bado anafundishwa kushika kalamu. Mwalimu wa biolojia, kijana mpole tunayemwita Kamusi kwa kuwa hakosi neno, akanikanyaga mguu.

Kazi yangu wakati huo ni kukaa chumba cha maandalizi, nyuma ya dirisha la kioo, nikilifanya jaribio lile lile wanalolifanya wao. Matokeo yangu yanajazwa kwenye karatasi inayoitwa ripoti ya maabara, inatiwa ndani ya bahasha pamoja na majibu, na wasahihishaji huko waliko huitumia kama kipimo. Hivyo ndivyo kanuni inavyosema. Ukweli ni kwamba kila mwaka ripoti ile hujazwa siku moja kabla, kutoka kitabuni, kwa maneno yale yale. Kamusi alikuwa ameshaijaza Jumatano. Jaribio langu lilikuwa la kupitisha muda tu, la kuituliza mikono yangu isiyotulia.

Nilidondosha iodini kwenye jani B. Likawa bluu-nyeusi papo hapo. Nikadondosha kwenye jani A. Lilikawia kidogo, kisha rangi ikaanza kuiva kandokando ya mishipa, bluu, bluu zaidi, mpaka likawa jeusi sawa na mwenzake.

Nikabadilisha kichupa. Nikachukua jani jingine kutoka kopo jingine, nikachemsha, spiriti, maji ya moto, iodini. Jeusi. La tatu, jeusi. Miguu ikaanza kunipeleka huku na huku katika chumba ambacho hata hatua nne hakitoshi. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza: nilipoinua macho kutazama ng'ambo ya kioo, visahani vyote nilivyoweza kuviona vilikuwa na majani mawili meusi. Mvulana wa meza ya mbele alikuwa anakuna kichwa. Binti yangu alikuwa amelinyanyua jani lake kwa kibanio akilielekeza dirishani. Alilisuuza, akalidondoshea tena. Kisha akanitazama.

Msimamizi alikuwa akinitazama pia. Nikageuza uso nikautazama ukuta.

Nilijua atakachoandika. Yule mtoto hana uongo hata wa kuazima. Alipokuwa mdogo mgeni asiyealikwa alibisha hodi, nikamtuma aseme mama amelala, akaenda mlangoni akasema, "Mama amesema nikuambie amelala." Mtoto wa namna hiyo akiona jeusi anaandika jeusi. Na kipimo kinachosubiri kuingia kwenye bahasha kinasema kahawia. Msahihishaji atapiga mkasi wa kosa kwenye jibu lake, na hapo ndipo uuguzi utakapokwenda na maji.

Saa tano kengele ikalia. Watahiniwa walipelekwa ukumbini moja kwa moja kufanya karatasi ya maandishi, mpaka saa nane, na bahasha ya majibu ingefungwa hiyo hiyo saa nane. Mimi niliruka uzio wa nyuma na aproni yangu mwilini, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, nikaenda nyumbani nusu natembea nusu nakimbia. Njiani nilitafuta cha kulaumu. Labda mlango wa kabati. Labda spiriti. Sikupata.

Mama alikuwa uani ameketi kwenye kigoda, mguu wake mbovu ameunyoosha. Nilimwuliza nikiwa bado mlangoni, bila salamu, kama kuna mtu aliligusa kabati. Hakubabaika. Alisema aliligusa yeye. Jumatano asubuhi alikuwa anatafuta shuka yake nzito, akakumbuka nimeitumia kwenye nyufa, akaivuta, mlango ukafunguka. Akaona majani yamelegea. Akayatoa yote, kopo moja moja, safari kumi na mbili kutoka chumbani hadi uani na goti lile, akayapanga juani, akayanywesha. Jioni kabla sijarudi akayarudisha kwa mpangilio ule ule, na shuka kwenye nyufa, kwa kuwa nilisema yasiguswe.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakavuma. Nilimwambia yote: kwamba majani yale yalishiba mchana kutwa, kwamba usiku mmoja hauwezi kumaliza akiba ile, kwamba amemfukuza mjukuu wake chuoni kwa kopo la maji. Nilisema na mengine ambayo mtu hamwambii mzazi wake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mwanangu," akasema, "mimi sijawahi kulaza kiumbe na njaa katika nyumba ninayolala. Nyinyi sita niliwalea mwaka ambao hakukuwa na kitu, na hakuna aliyelala na njaa. Hili la mtihani sikulijua. Nisamehe."

Nilikumbuka mwaka huo. Nilikumbuka kwamba yeye mwenyewe tulikuwa hatumwoni akila. Nilichota maji nikanywa nikiwa nimesimama. Niligundua pia, na hapo ndipo moyo uliponiuma hasa, kwamba angefungua kabati lile mara mia nisingedhurika, laiti ningelifanya jaribio la asubuhi kama nilivyoagizwa. Ningejua saa kumi na mbili. Tungebadilisha swali, kuna swali la akiba kwa ajili ya dharura kama hizo. Udongo wenyewe ulinishika mkono ukaniambia, nami nikajifanya nina haraka.

Nilimwacha mama na kigoda chake nikarudi shuleni. Saa sita kasoro.

Kamusi alikuwa chumba cha maandalizi akila karanga. Nilimweleza. Akaacha kutafuna. Nilimwambia tuombe karatasi mpya ya ripoti, tuandike tulichokiona: majani yote mawili bluu-nyeusi, na sababu yake. Wasahihishaji wakipata ripoti hiyo watampa alama kila aliyeandika alichokiona.

Kamusi si mtu mbaya. Alifunga mlango kwanza. Alinieleza taratibu kwamba ripoti kama hiyo ni sawa na kuandika barua ya kuacha kazi, kwa sababu mkuu wa shule amekwisha kusema mwaka huu kituo kikipata doa lolote kwenye mitihani, aliyelisababisha atafunganya. Alisema pia jambo ambalo yeye aliliona la kunifariji: kwamba watoto werevu wameona jeusi lakini wamekumbuka kitabu, wakaandika kahawia, na watapata alama zao. Wasiojua chochote wangeanguka hata majani yangekuwa sawa. Kwa hiyo nani anaumia?

Nani anaumia. Nilitaka kumrushia zile karanga zake. Nilimwambia anaumia mtoto aliyeyaamini macho yake. Tunawafundisha miaka minne waangalie, wapime, waandike walichokiona, halafu siku ya siku tuwaadhibu kwa kuangalia? Mwenye macho haambiwi tazama, sisi tunamwambia afumbe?

"Na walioandika kahawia?" Kamusi akaniuliza. "Ukibadilisha kipimo, hao ndio wataanguka. Umewafikiria?"

"Walioandika ambacho hawakukiona," nikasema, "wavune walichopanda."

Nililisema kwa sauti, kifua mbele. Lakini sitaki kujifanya mtakatifu. Sikuwa nawapigania wale watoto kumi na tisa wa watu. Nilikuwa nampigania wangu, na ingekuwa hayumo katika chumba kile pengine ningekaa na Kamusi tukala karanga.

Nilimwendea msimamizi, akanisikiliza akiwa amesimama. Alitaka kujua kama naelewa kwamba karatasi ikishaingia kwenye bahasha haitoki. Nilisema naelewa. Akataka kujua kama kuna mtu mwingine wa kutajwa. Nilisema hakuna. Akanipa karatasi mpya, akaichana ile ya Kamusi mbele yangu vipande vinne, na nikaandika nikiwa nimeinama mezani: jani A, bluu-nyeusi, jani B, bluu-nyeusi, mimea iliwekwa juani siku moja kabla ya mtihani, jaribio la asubuhi halikufanywa, kosa ni la mtunza maabara. Nikatia sahihi. Ilikuwa sahihi mbaya, lakini yangu.

Habari zina miguu. Kabla ya saa nane mkuu wa shule alikuwa ameshafika. Hakunipigia kelele, kelele ningeziweza. Alisema ananihesabu kama dada yake mkubwa na kwamba Jumatatu nisije, barua itanifuata nyumbani. Aliomba funguo. Nilizitoa moja moja kwenye pete yake: maabara, stoo, kabati la dawa, mtungi wa gesi. Ile ya stoo ilinigomea, ikabidi nitumie meno.

Nilipotoka nje nilishangaa kujikuta nimetulia. Kwa mara ya kwanza wiki ile miguu yangu haikutaka kwenda popote. Nilisimama kivulini pembeni mwa ukumbi nikawa nawaza namna ya kumsimulia mama yangu, kwamba tumepoteza kazi lakini mtoto amepona, na kwamba nitamwomba radhi kwa yale niliyomwambia. Nikawaza hata nitakachofanya Jumatatu. Ningelala mpaka saa mbili.

Kengele ya saa nane ililia, milango ikafunguliwa, wakamwagika. Binti yangu aliniona kwa mbali akaja mbio, vidole vyake vina madoa ya iodini, akanikumbatia shingoni kabla sijasema neno. Alikuwa anacheka. Nilimwuliza ilikuwaje.

"Mama, utacheka," akasema. "Jani A nililiona jeusi. Nikalisuuza, nikatia dawa tena, jeusi vile vile. Nikataka kuandika hivyo. Nikakutazama pale dirishani, ukageuka. Nikasema ngoja kwanza, haya majani ameyatunza nani? Mama. Na mama hakosei. Basi ni macho yangu, ni woga wangu wa mwaka jana. Nikaandika kahawia, kama ulivyonifundisha."

Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona msimamizi akibana bahasha kifuani, akiifunga kwa kugandamiza lakiri ya mwisho kwa kidole gumba.

"Macho yako hayana ubovu," nikamwambia. "Aliyekosea ni mimi. Na nimeshaandika."

Alinitazama, tabasamu bado halijamtoka usoni, akisubiri nimwambie nimeandika nini.